Nilikuwa kangomba, leo nimeokoka, ila huu msamaha nashindwa kuupokea

kijana_wa_Tandahimba

Bwana asifiwe wapendwa, na salamu kwa wote ambao sio wa imani yangu. Hii nimeiandika nikaifuta mara tatu, leo naiachia hivi hivi ilivyo.

Mimi nilikuwa nafanya kangomba. Kwa ambao sio wa huku kusini, kangomba ni lile bakuli la kupimia korosho mtaani na ndo jina la biashara yenyewe. Unaingia vijijini mwezi wa saba wa nane, mikorosho inatoa maua, ndani ya nyumba za watu hamna kitu, wengine wanachimba ming'oko (viazi pori) porini, mwenye shamba anatafuta hela ya salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, au mgonjwa anatakiwa apelekwe hospitali, wewe unafika na hela mkononi na viroba vya unga kwenye pikipiki. Unampa, unamwandika kwenye daftari, korosho zikianza kudondoka anakulipa kwa bei uliyopanga wewe na kwa bakuli lako wewe. Bakuli langu lilikuwa linabeba kilo moja na robo ila tulikuwa tunalihesabu kilo.

Kuna bibi mmoja, kijiji sikitaji, mjane, alikuwa anaishi na wajukuu wawili. Alinipa gunia mbili, kilo 160, kwa bakuli langu zikawa 128 na kila bakuli nilimuwekea 800. Yaani unga na hela nilizompa ukijumlisha ni kama laki na elfu mbili. Ndo ile 2018 serikali ilipotangaza itanunua yenyewe kwa 3,300 kilo na jeshi likaja kubeba, mimi mzigo wangu nikauingiza kwa jina la ndugu yangu ambaye shamba analo kweli, uhakiki wa kuona kama una shamba kweli ukapita, hela ikatoka. Za yule bibi peke yake zilileta laki tano na ishirini na nane elfu.

Kitu kinachonitesa hata sio hela. Siku ya kupima yule bibi alinishikia gunia mdomo wazi mimi nikawa namimina, ananiita mjukuu wangu, ananiuliza habari za mama, na mimi wakati huo nalitikisa bakuli ili zishindilie ziingie nyingi zaidi.

Nimeokoka 2023, nimebatizwa, mchungaji aliniombea akasema umesamehewa yote mwanangu usiangalie nyuma, kanisa zima likapiga vigelegele. Nilifurahi kama wiki mbili. Baada ya hapo kila nikiomba namuona yule bibi ameshika gunia. Ushirika ukifika natoka nje najifanya nimepigiwa simu. Na mwaka jana wakati wa masika bibi akafariki, nikaenda mazishini nikakaa nyuma kabisa na watu nisiowajua.

Swali langu ni hili wapendwa. Nimesamehewaje bure kitu ambacho sikukilipa na yule niliyemdhulumu sijamuomba hata msamaha? Kuna siku naona huu msamaha wenyewe nimeuchukua kwa kangomba, nimebeba kikubwa kwa bei ya kumuonea mtu. Daftari langu bado ninalo, lina majina 14. Nilitaka kulichoma nikashindwa.

neema_tele

Waefeso 2:8-9, mmeokolewa kwa neema kwa njia ya imani, wala si kwa matendo. Ndugu hiyo ni sauti ya mshitaki, ikemee kwa jina la Yesu. Choma hilo daftari uendelee na safari, ubarikiwe sana.

Binti_Nachi

Samahani nitakuwa mkali kidogo ila lazima niseme. Baba yangu yupo Nachingwea, ana ekari sita za mikorosho na mwaka wa pili huu mfululizo nusu ya korosho zake zinaondoka kabla hata hazijadondoka kwa ajili ya watu kama wewe. Mdogo wangu alikaa nyumbani muhula mzima. Sasa nyie mnakula hela, mnaenda kanisani, mnalia mbele ya madhabahu, mnapigiwa vigelegele, afu mtu anakuja hapa anasema choma daftari endelea na safari. Hiyo safari baba yangu naye yumo au yeye anabaki porini anachimba ming'oko?

Mimi pia ni Mkristo, nimebatizwa nikiwa mtoto. Naamini Mungu anasamehe. Lakini siamini kama Mungu anasamehe kwa niaba ya baba yangu bila kumuangalia baba yangu usoni.

Mama_Masasi

Wanangu nawasalimu. Mimi ni mama mtu mzima, nasali Anglikana hapa Masasi toka nimezaliwa, na bibi yangu kabla yangu. Nimesoma yote, nimesoma na ya binti yangu wa Nachingwea, mwanangu hujakosea kukasirika, ungenyamaza ningeshangaa.

Nianze na wewe kijana. Umeuliza umesamehewaje bure. Fungua Mathayo 18 kuanzia mstari wa 21, usome taratibu kama unasoma barua uliyotumiwa wewe. Yule mtumwa alidaiwa talanta elfu kumi. Watu wanaipita haraka hiyo hesabu, mimi nilifundisha shule ya msingi miaka mingi nikawa napenda kuwapigia watoto ubaoni. Talanta moja ni kama dinari elfu sita, na dinari moja ni ujira wa kibarua wa siku moja. Kwa hiyo elfu kumi mara elfu sita, siku milioni sitini za kibarua. Mtu akifanya kazi siku 300 kwa mwaka bila kula hata senti ni miaka laki mbili. Deni la namna hiyo halilipiki hata ukizaliwa mara mia.

Sasa angalia anachoomba. Anaanguka chini anasema nivumilie, nami nitakulipa yote pia. Jamani, mtu mwenye deni la miaka laki mbili anaomba muda! Na bwana wake muda hakumpa kabisa. Alimpa msamaha, akamfutia lote. Aliomba muda akapewa msamaha, na mimi nafikiri hakuusikia, ndo maana alipotoka tu nje akamkaba mwenzie kwa dinari mia, kibarua cha miezi mitatu na siku kidogo. Angekuwa amesikia kwamba hadaiwi tena angekimbilia wapi kukusanya madeni? Alitoka pale bado anatafuta hela za kulipa.

Na wewe mwanangu uko hapo hapo. Unapotoka nje wakati wa ushirika unamwambia Mungu nivumilie nitakulipa. Hajakuuliza hilo. Hukustahili, ni kweli kabisa, na hata siku utakayomaliza kulipa majina yote 14 utakuwa bado hustahili. Neno lenyewe Warumi 5:8 linasema Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa *tungali* wenye dhambi. Tungali. Yaani ukiwa bado unalitikisa bakuli.

Babu zetu waliotangulia kanisani hapa Masasi walikuwa watumwa walioachiwa huru kule Zanzibar. 1876 Askofu Steere alikuja nao, wakashukia Lindi, wakapanda kwa miguu, nia ni kuwafikisha kwao upande wa Ziwa Nyasa, wakafika hapa kwenye haya majabali yetu wakaona pazuri wakabaki. Bibi yangu alikuwa anatuambia wale watu hawakujinunua wenyewe, mtumwa hana hela ya kujinunulia. Kukombolewa ni kufanyiwa na mtu mwingine wewe ukiwa umekaa na mnyororo wako. Lakini aliyekombolewa akishafika alilima, alijenga, alizaa watoto, hakukaa chini ya mti kuhesabu anadaiwa shilingi ngapi na aliyemtoa.

Kuhusu daftari, usilichome. Wakolosai 2:14 inasema Mungu aliifuta ile hati iliyoandikwa ya kutushitaki akaigongomea msalabani. Hiyo ni nakala yake yeye, ameshaimaliza. Nakala yako wewe ina majina ya watu, na watu wale bado wana njaa. Itunze mpaka uwafikie.

Abuu_Lindi

Assalam aleykum. Mimi ni Muislamu kutoka Lindi mjini, mniwie radhi kuingia kwenye mada ya kanisa, nimeguswa tu maana hizi korosho ni zetu sote.

Kwetu tunafundishwa kuna haki ya Mwenyezi Mungu na kuna haki ya mja. Iliyo baina yako na Mola ukitubu kweli Yeye ni mwingi wa kusamehe. Lakini mali ya mtu umrudishie mwenyewe, na akiwa amefariki warithi wake wapo, wanapewa wao. Kaka yangu huyo bibi si alikuwa na wajukuu? Na hao wajukuu mama yao yuko wapi? Mambo ya imani yenu siyaingilii, ila hapo naona hata sisi na nyie tunaongea kitu kimoja.

kijana_wa_Tandahimba

Abuu ahsante sana kaka. Mama yao yupo, anaishi Newala, ni binti wa bibi. Nilimuona mazishini. Naogopa kwenda, nasema ukweli.

Binti_Nachi sina cha kujibu dada yangu, yote uliyosema ni kweli. Shikamoo Mama_Masasi, hapo kwenye kuomba muda umenipata, nilikuwa nimejiwekea akilini kwamba nikishalipa wote 14 ndo nitakunywa kikombe, nilikuwa sijamwambia mtu yeyote hilo. Lakini nina swali mama. Kama nisipolipa bado nimesamehewa, basi kulipa kuna kazi gani? Na kama kulipa ni lazima, mbona tunasema ni bure?

Ndanda86

Tumsifu Yesu Kristo. Hilo swali lako la mwisho lilinitesa mimi miaka, ngoja nikupe nilipofika.

Mimi ni Mkatoliki, nimekulia Ndanda pale kwa Wabenediktini, kengele ya abasia ndo ilikuwa saa yetu. Kila Misa kabla ya komunyo tunasema wote, padre na mtoto wa chekechea na mlevi aliyeacha jana: Bwana, sistahili uingie kwangu, lakini sema neno tu na roho yangu itapona. Kumbuka maneno hayo yametoka kwa yule akida wa Kirumi aliyemuombea mtumishi wake, Mathayo 8. Nimelisema neno *sistahili* tangu nikiwa na miaka minane na kwa muda mrefu nililisema kama nyimbo tu. Siku nilipofanya kosa langu kubwa, sitalitaja, nilisimama kwenye ule mstari nikashindwa kutembea. Niliona nikisema sistahili safari hii ni kweli, kwa hiyo niondoke. Mzee mmoja nyuma yangu akanisukuma kidogo begani, hakusema kitu. Nikawaza pale pale, mbona baada ya sistahili hakuna mtu anageuka kurudi kwenye benchi? Tunasema sistahili huku tunaenda mbele. Kutostahili hakujawahi kuwa sababu ya kurudi nyuma, wote kwenye ule mstari wangerudi, na padre angekuwa wa kwanza.

Sasa kulipa. Kwetu ukienda kwenye kitubio unaungama, padre anakuondolea dhambi kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na unapewa malipizi, yaani tendo la toba la kufanya. Na kanisa linafundisha wazi, ulichoiba urudishe. Maondoleo yanaondoa dhambi lakini hayairudishi korosho nyumbani kwa mwenyewe. Ukimkata mtu kwa panga akakusamehe, damu bado inatoka, unamfunga kitambaa. Humfungi kitambaa ili akusamehe, unamfunga kwa sababu anavuja damu.

Soma Zakayo, Luka 19, uangalie kipi kimetangulia. Yesu anasimama chini ya mkuyu anasema shuka upesi, leo imenipasa kushinda nyumbani mwako. Wakati huo Zakayo hajasema kitu, hajarudisha hata senti, yuko juu ya mti. Watu wananung'unika amekwenda kukaa kwa mtu mwenye dhambi, na wana haki ya kunung'unika, ni hela zao zile. Ndipo Zakayo anasimama anasema nusu ya mali yangu nawapa maskini, na niliyemnyang'anya namrudishia mara nne. Hakuna aliyempigia hesabu hiyo. Torati kwa mtu aliyeungama mwenyewe ilitaka arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano, Hesabu 5:7. Kwa yule bibi yako, ukitoa ulichompa ni 425,600, ukiongeza sehemu ya tano ni laki tano na kama elfu kumi. Zakayo yeye angetoa milioni moja na laki saba. Mtu anayelipa kwa kuogopa hatoi mara nne, analipa kamili anaomba risiti.

Na hiyo hiyo Hesabu 5, mstari wa 8, imeshafikiria hata mtu aliyekufa bila ndugu wa kupokea. Wewe umebahatika binti yupo.

mlinzi_wa_mnara

Ndanda86 hapo mnaanza kumrudisha kijana kwenye wokovu wa matendo, ndo mafundisho yenu hayo. Martin Luther alishamaliza hii kesi mwaka 1517. Damu ya Yesu inatosha, kitubio na malipizi ni nyongeza za wanadamu.

Ndanda86

Ndugu yangu sijasema malipizi yananunua msamaha, rudi usome. Na hao Walutheri wenyewe na Kanisa Katoliki walikaa wakaandika tamko la pamoja kuhusu jambo hili hili la kuhesabiwa haki, wakatia sahihi Augsburg, Ujerumani, 31 Oktoba 1999, wakakiri pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, sio kwa stahili yoyote ndani yetu, na neema hiyo ndo inatupa nguvu ya kutenda mema. Tofauti zipo bado nyingi tu. Ila kijana anazama hapa, tusigombane juu ya kamba.

mvuvi_Mikindani

Mimi sio msomi na sio wa kuandika sana, navua hapa Mikindani na kanisani nafagia tu na kupiga ngoma. Kuna kitu nakipenda kwenye Yohana nataka nikupe.

Petro alipomkana Yesu alikuwa anaota moto, Yohana 18:18 imeandikwa kabisa moto wa makaa, kulikuwa na baridi. Alimkana mara tatu pale. Halafu Yohana 21 wamevua usiku kucha hawakupata kitu, mimi hiyo hali naijua, unarudi ufukweni mgongo unauma na mafuta ya mashine umemaliza na nyumbani wanangoja. Wanaambiwa tupeni upande wa kuume, wanapata samaki 153. Petro anajitupa baharini anaogelea. Akifika nchi kavu anakuta nini? Moto wa makaa. Na juu yake samaki na mkate.

Nilipoliona hilo nilikaa chini. Harufu ya makaa ndo ilikuwa harufu ya aibu yake. Mimi ningekuwa Petro ningenusa ule moshi nikageuka. Na Yesu hamwambii kwanza tuongee ulichofanya, anasema njoni mfungue kinywa. Wanakula kwanza. Wakisha kula ndo anamuuliza wanipenda, mara tatu, na Petro alihuzunika kwa ile ya tatu, Yesu hakuifanya iwe nyepesi. Kila akijibu anapewa kazi, lisha kondoo zangu. Yaani mtu yule yule aliyekimbia anakabidhiwa watu.

Kaka na wewe unalo bakuli. Nakuomba usiogope kukaa tena karibu na bakuli. Moto wako wa makaa uko Newala kwa yule binti wa bibi, nenda.

Binti_Nachi

Nimerudi. Nilisema nisirudi.

Hiyo ya Petro imenigusa, sitasema uongo. Bado nina hasira, na naomba mtu asinihubirie kuhusu kusamehe leo, baba yangu ndo atasema mwenyewe siku yake, mimi sio yeye. Ila kwa vile unaenda nikuambie mambo ambayo sisi wa upande wa pili tunayajua.

Usiende na mchungaji. Ukifika na mchungaji yule dada atalazimika kusema nimekusamehe hata kama moyoni hayupo, kwa heshima ya mgeni. Nenda peke yako. Usilie kabla yake. Ukilia wewe kwanza yeye ataanza kukubembeleza wewe, na ndo mtakuwa mmemdhulumu mara ya pili. Taja kilo. Sema gunia mbili, sema bakuli lilikuwa linabeba kilo na robo, usiseme "kama kuna lolote nililokukosea", hilo neno linaudhi kuliko matusi. Na usimwambie Mungu ameshanisamehe. Hata kama ni kweli, hiyo ni yako na Mungu wako, sio siku yake.

Hela iweke mezani kabla hujaomba msamaha. Akikataa kukusamehe hela inabaki pale pale.

Mama_Masasi

Binti yangu umeongea kuliko mahubiri niliyosikia mwaka mzima. Mungu akutunzie baba.

Abuu_Lindi

Amin.

kijana_wa_Tandahimba

Wapendwa nimechelewa kurudi, ni kama wiki tatu sasa. Niliuza mbuzi watatu na redio kubwa, nikapata laki tatu na ishirini. Haikufika lakini nikaona nikisubiri ifike ndo yale yale ya kuomba muda.

Nilipanda Newala Ijumaa. Nilikaa stendi karibu saa nzima naangalia magari ya kurudi. Nikafika kwake akiwa anaanika mbaazi uani, wale wajukuu wa bibi sasa wakubwa, mmoja ananipita kwa urefu. Nikasalimia, nikafanya alivyosema Binti_Nachi, nikaweka hela kwenye mkeka nikataja kilo. Sauti ilikuwa inatetemeka ila sikulia. Nikasema gunia mbili, 2018, bakuli lilikuwa na kilo na robo, nililitikisa, nikapata kiasi hiki, nikampa mama kiasi hiki, hii ni sehemu, iliyobaki nitaleta msimu ukifika.

Akazichukua akahesabu. Akahesabu tena. Akasema haifiki, nikamwambia najua dada. Akanyamaza muda mrefu anapeta mbaazi, mimi nimekaa tu. Afu akasema hivi, nitajaribu kuandika kama alivyosema: "Mama alijua lile bakuli. Alikuwa na debe lake la ndani, alizipima usiku kabla hujaja, akatuambia huyu kijana atatupunja kilo thelathini na zaidi. Mimi nikataka kwenda kwa mwenyekiti, akanikataza. Akasema mwacheni, unga wake ndo tulikula mwezi wa nane, na yeye akiiba anaiba kwa sababu hajui bado."

Alijua. Siku ile ananishikia gunia alikuwa anajua. Ananiita mjukuu wangu na anajua.

Wapendwa hapo Binti_Nachi unisamehe, nilishindwa, nililia. Yeye hakunibembeleza lakini. Alininyanyukia akaenda ndani. Nikajua nimefukuzwa nikaanza kutafuta viatu. Akarudi na jagi la maji na beseni, akasema kunawa, mikono yangu ikabaki hewani sijui niifanyeje, akasema leta, akawa anamimina. Tulikula ugali wa muhogo na mbaazi na wale vijana. Hakusema nimekusamehe. Nilipoaga aliniambia msimu ukifika usilete hela, leta salfa, mikorosho ya mama ipo haina mtu wa kuipulizia. Nikamwambia nitapuliza mwenyewe.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ushirika. Mkono ulikuwa unatetemeka nikamwaga kidogo kwenye shati, mzee wa kanisa akanishikia kikombe.

Bado majina 13. Wa pili yupo hai, yuko huku huku Tandahimba, na nimeambiwa alishaapa akiniona atanitoa meno. Jumamosi asubuhi naenda, naombeni maombi yenu.

mvuvi_Mikindani

Jumamosi nitakuwa majini toka saa tisa usiku. Nitaomba nikiwa huko.

Binti_Nachi

Taja kilo.